Kiti na Kitabu: Historia Fupi ya Kuazima, Moshi na Migombani

Kila maktaba ya umma ina kanuni za aina mbili, hata kama zote zimebandikwa ukutani kwenye karatasi moja. Kuna kanuni za chumba: acha begi mlangoni, usile humu, usiongee kwa sauti, zima mlio wa simu, usiwekee kiti koti lako halafu ukaenda kunywa chai. Halafu kuna kanuni za kitabu: nani anaruhusiwa kutoka nacho, kwa siku ngapi, nani anamdhamini, na atatozwa nini akichelewa au kikipotea.

Tumezizoea zote mbili kiasi kwamba tunaziona kitu kimoja. Lakini ukizifuatilia zilivyofika na zilivyobadilika, hasa Moshi mjini na vijiji vya mlimani, utakuta zimepishana njiani. Tulianza na vitabu ambavyo havikuwa na chumba. Leo tuna vyumba vilivyojaa wasomaji, lakini wengi wao wamekuja na daftari zao na hawana habari na rafu. Kumbe historia ya maktaba zetu inaweza kusimuliwa kwa swali moja tu: kanuni hizi zinalinda nini, kiti au kitabu?

Swali hilo linatugusa sisi wapenda riwaya na mashairi kuliko tunavyodhani. Nitaeleza mbele kwa nini. Kwanza tuanze na lugha yenyewe.

Kuazima si kukopa

Ukichukua kibaba cha unga kwa jirani, umekopa. Utarudisha unga, ila si ule ule; ule umeshaliwa. Ukichukua jembe lake, umeazima, na jioni utarudisha jembe lile lile na mpini wake. Pesa hukopwa, sufuria huazimwa. Kitabu kimekaa upande wa sufuria na jembe: unakitumia chote, unashiba nacho, na bado unakirudisha kizima.

Wahenga hawakuisifia sana tabia hii. Nguo ya kuazima, walisema, haisitiri matako. Maana yake ni kwamba mwenye nguo anaweza kuidai saa yoyote, hata ukiwa katikati ya ngoma. Ukiitazama vizuri, kanuni ya maktaba ni jibu kwa methali hii. Inataja muda. Ndani ya muda huo hakuna atakayekuja kukuvua. Watu wengi huuona mhuri wa tarehe kama kitisho, lakini upande wake wa pili ni kinga: mpaka siku hiyo ifike, kitabu ni chako.

Mlima Kilimanjaro nao ulikuwa na mfumo wake wa kukabidhiana mali zamani kabla ya maktaba. Mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, Bruno Gutmann, aliyeishi Old Moshi miaka mingi, aliandika kitabu kinene kuhusu sheria za Wachagga kilichotoka mwaka 1926. Miaka 60 baadaye, mwaka 1986, mwanaanthropolojia wa Marekani Sally Falk Moore akatoa kitabu chake kuhusu sheria na desturi za huko huko. Wote wawili walitumia muda mwingi kwenye jambo moja: ng'ombe wa kuwekeshwa. Mwenye ng'ombe alimpeleka kwa mtu mwingine amtunze. Mtunzaji alipata maziwa, akapata na samadi ya migomba yake, na kwenye kihamba samadi si kitu cha kudharau. Lakini ng'ombe alibaki wa mwenyewe. Hakukuwa na karatasi. Kulikuwa na mashahidi, kulikuwa na kumbukumbu, na kulikuwa na mabishano ambayo baba angeweza kumwachia mtoto.

Kwa hiyo fomu ya maktaba ilipofika na masharti yake ya mdhamini, muda na faini, haikuwakuta watu wasiojua maana ya kushika mali ya mwingine. Kilichokuwa kigeni ni kwamba sasa mwenye mali hana sura. Ng'ombe ni wa fulani, unamjua, unakutana naye sokoni. Kitabu cha maktaba ni cha nani? Cha umma. Na umma hukutani nao sokoni.

Hata hivyo, wazo la kitabu kisicho cha mtu mmoja nalo halikushuka hapa kwa meli kutoka Uingereza. Pwani lilikuwepo kwa jina la wakfu. Kwenye hazina ya miswada ya msikiti wa Riyadha kule Lamu kuna vitabu vya mkono vyenye maandishi ya wakfu: kitabu kimetolewa kwa ajili ya wanaosoma, kisiuzwe. Ndiyo kanuni ya maktaba ya umma katika sentensi moja, imeandikwa kwenye kitabu chenyewe badala ya ukutani.

Kitabu bila chumba

Uingereza ilipitisha sheria yake ya maktaba za umma mwaka 1850. Ungetegemea wakoloni waje na wazo hilo kwenye mizigo yao. Walikuja nalo, ila mlangoni wakasimamisha kanuni nyingine isiyohusu kelele wala begi. Maktaba ya McMillan ya Nairobi, jengo zuri la nguzo lililofunguliwa mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo mpaka karibu na mwisho wa miaka ya 1950. Kanuni ya kwanza ya chumba cha kusomea katika Afrika Mashariki, kwa watu wengi, ilikuwa rangi ya ngozi.

Mlimani wakati huo watu walikuwa tayari wamekolea kusoma. Wakulima wa kahawa walianzisha chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, ushirika ambao jina lake bado liko mjini Moshi. Kahawa ilisaidia kulipa ada za shule. Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle alitoa Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kitabu cha Kiswahili cha Mchagga akiwaeleza wenzake mila zao. Miaka ya 1950 Moshi ilikuwa na gazeti lake, Komkya, jina ambalo kwa Kichagga ni kumekucha. Wasomaji walikuwepo. Ambacho hawakuwa nacho ni mahali pa kukaa na kusoma vitabu visivyo vya kanisa wala vya darasa.

Jibu la serikali ya kikoloni lilikuja kwa njia ya pembeni. Baada ya vita vya pili vya dunia, mwandishi Elspeth Huxley aliombwa aangalie namna ya kuwapatia Waafrika vitabu vya kusoma. Mwaka 1948 likaanzishwa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, makao yake Nairobi, mkuu wake Charles Richards. Wapenzi wa fasihi ya Kiswahili wanalijua kwa vitabu lililochapisha. Lakini shirika hilo lilifanya na kazi ya maktaba, na lilifanya bila jengo. Lilituma masanduku ya vitabu kwenye vituo mbalimbali, na likatuma kitabu kimoja kimoja kwa posta kwa msomaji binafsi.

Hebu fikiria maktaba ya namna hiyo inahitaji kanuni gani. Hakuna kanuni ya ukimya, maana hakuna chumba cha kunyamazia. Hakuna kanuni ya kiti, ya begi, wala ya chakula. Msomaji anaweza kusoma jikoni huku ndizi zinachemka, au chini ya mgomba, au kwa sauti ili mama asiyejua kusoma naye asikie. Maktaba haimwoni na wala haitaki kumwona. Kanuni zote zilizobaki ni za kitabu: kirudi, kirudi kizima, kirudi kabla sanduku halijaondoka.

Mfumo huo ulikuwa na ubovu wake, na si mdogo. Sanduku lina vitabu vilivyomo tu. Ukitaka kitabu cha magonjwa ya ng'ombe ukakuta hadithi, utasoma hadithi. Hakuna mkutubi wa kumuuliza. Na aliyechagua vitabu yuko mbali, ana mawazo yake kuhusu kinachomfaa Mwafrika. Shirika lenyewe lililiona hilo. Mwaka 1960 Sidney Hockey, aliyekuwa akisimamia maktaba zake, alitoa ripoti akipendekeza kila nchi iwe na bodi yake ya maktaba. Nchi zilimsikiliza: Tanganyika ilitunga sheria yake mwaka 1963, Uganda ikafuata mwaka 1964, Kenya mwaka 1965.

Chumba kinafika

Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Rais Nyerere Desemba 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Huduma ikaenea kwenye mikoa, na Moshi nayo ikapata Maktaba ya Mkoa wa Kilimanjaro. Mwaka 1975 sheria ya zamani ikabadilishwa na sheria mpya iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania tunayoijua mpaka leo. Kufikia hapo shirika lilikuwa limeshatoka mikononi mwa mkurugenzi wa kwanza, Mwingereza Max Broome, likaongozwa na Mtanzania, Ezekiel Kaungamno.

Hiki ndicho kipindi ambacho kanuni za chumba na kanuni za kitabu zilikaa pamoja kwa usawa. Mlango ulikuwa wazi kwa kila rangi, na hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa kwa mtu aliyekumbuka ya McMillan. Ndani kulikuwa na meza, na kwenye kaunta kulikuwa na mhuri.

Vijana wa kompyuta huenda hawajawahi kuona jinsi mhuri ule ulivyofanya kazi, kwa hiyo nieleze. Kwenye maktaba nyingi zilizofuata utaratibu wa Uingereza, msomaji alipewa vikadi vyenye jina lake, vilivyotengenezwa kama vifuko vidogo. Kila kitabu nacho kilikuwa na kadi yake ndani ya jalada. Ukiazima, mkutubi anatoa kadi ya kitabu, anaitumbukiza kwenye kifuko chako, anapanga kifuko hicho kwenye trei kwa tarehe ya kurudisha, na anagonga tarehe hiyo kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kitabu. Wewe umebaki na kitabu chao, wao wamebaki na jina lako. Idadi ya vifuko ulivyopewa ndiyo idadi ya vitabu unavyoweza kuwa navyo kwa wakati mmoja; hakuna haja ya kuhesabu wala kubishana.

Kitu kizuri zaidi kilikuja ukirudisha. Kadi ilirudi kitabuni, kifuko kikarudi kwako, na hakuna mahali palipobaki maandishi kwamba wewe uliwahi kusoma kitabu kile. Kwenye karatasi ya mihuri kuna tarehe tu, hakuna majina. Sasa kumbuka kwamba mwaka 1971 ndipo Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika, riwaya iliyozuiwa kutumika shuleni kwa muda kwa sababu ilisema wazi mambo ya wasichana, walimu na wanaume. Kuna vitabu ambavyo msichana wa miaka 17 anahitaji kuvisoma bila daftari la mtu kumkumbuka milele. Kile kifuko cha karatasi kiliweza kumpa siri hiyo.

Vijijini hali ilikuwa tofauti. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Ikaja kampeni ya elimu ya watu wazima, na hesabu za serikali za mwaka 1986 zilisema wasiojua kusoma wamebaki chini ya asilimia 10. Watu wanaojifunza kusoma wakiwa na miaka 40 husahau haraka wasipokuwa na cha kusoma, kwa hiyo zikaanzishwa maktaba za vijiji, kwanza mikoa ya Ziwa Victoria na baadaye sehemu nyingine za nchi. Mara nyingi ilikuwa kabati tu, kwenye darasa au ofisi, na funguo alikuwa nazo mwalimu. Hapo kilichotumika ni daftari la kawaida: jina, kitabu, tarehe, sahihi. Ukiliangalia kwa makini, kabati lile lilikuwa mjukuu wa lile sanduku. Kwa mara nyingine tena, kitabu bila chumba, na kanuni zilizojali kurudi kwa kitabu kuliko mahali pa kukisomea.

Uhaba, ada na shule

Miaka ya 1980 iliugeuza mfumo wote. Fedha za kigeni zilikauka, na vitabu vingi vya maktaba vilikuwa vya kuagiza. Karatasi yenyewe ilikuwa shida. Maktaba zikaegemea misaada, hasa kutoka kwa shirika la Uingereza lililoanzishwa mwaka 1954 kwa jina la Ranfurly na ambalo tangu mwaka 1994 linaitwa Book Aid International. Misaada ile iliokoa rafu nyingi, na si haki kuibeza. Lakini vitabu vingi vilikuwa vya Kiingereza, na mtu aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili kwenye kisomo cha watu wazima hakuwa na safari ya kwenda mjini kuviazima.

Uhaba hubadilisha kanuni kimyakimya. Nakala ikiwa moja tu, mkutubi mwenye busara ataiweka miongoni mwa vitabu vya rejea, visivyotoka. Hawezi kulaumiwa. Ikipotea, hakuna nyingine. Lakini kila kitabu kinachohamishwa kutoka rafu ya kuazimwa kwenda rafu ya rejea kinahama pia kutoka kanuni za kitabu kwenda kanuni za chumba. Tangu hapo, ukikitaka, lazima uje ukae.

Kisha ikaja falsafa ya kuchangia gharama, iliyoingia nchini pamoja na mageuzi ya uchumi ya mwaka 1986 na kuendelea. Shule, hospitali, na maktaba pia. Tamko la UNESCO kuhusu maktaba za umma, lililotolewa kwanza mwaka 1949 na kuandikwa upya mwaka 1972, 1994 na 2022, linashikilia kwamba huduma ya maktaba ya umma kimsingi iwe bure. Nchi maskini zilijikuta zinasaini kwa mkono mmoja na kukata risiti kwa mkono wa pili. Ada za maktaba zetu si kubwa kwa mtu mwenye mshahara. Ila ada yoyote hubadilisha swali la mlangoni. Zamani swali lilikuwa: nani anakujua? Sasa likaongezeka: umelipa?

Jambo la tatu ndilo lililobana zaidi Kilimanjaro: shule. Mkoa huu ulishaanza kujijengea sekondari za wananchi, za makanisa na za wazazi tangu miaka ya 1980, kwa kasi iliyowavutia watafiti. Amy Stambach ameandika kitabu kizima kuhusu elimu ya mlimani, kilichotoka mwaka 2000. Halafu kuanzia mwaka 2004 zikaja shule za kata nchi nzima. Maelfu kwa maelfu ya wanafunzi, wengi wakitoka nyumba zisizo na meza ya kusomea, zenye wadogo wanaolia na umeme wa wasiwasi. Wanafunzi hawa hawakuhitaji sana kitabu. Walihitaji kiti.

Ingia maktaba ya mkoa wowote Tanzania mwezi Oktoba, mitihani ya kidato cha nne ikikaribia, uone. Kila meza imejaa, na kilicho juu ya meza ni daftari, madesa na pasti pepa. Watu wanapiga msuli. Kanuni zinazosimamiwa kwa nguvu ni za chumba: msidiskasi kwa sauti, usichukue viti viwili, begi liache nje. Kwenye kaunta ya kuazima, kimya.

Sisemi haya kwa kuwadharau wanafunzi. Chumba chenye utulivu, mwanga na meza ni huduma ya kweli ya umma, labda ya mwisho ambayo mtoto wa mama muuza ndizi anaipata sawa na mtoto wa daktari. Mtu anayeita maktaba hizo kuwa ni vyumba vya kujisomea tu, kwa kejeli, hajawahi kusoma kwa kibatari. Lakini tukubali kwamba katika mabadiliko hayo kuna kitu tumekiacha njiani.

Riwaya haikai kitini

Madesa husomeka kwa saa mbili kwenye kiti kigumu. Riwaya haisomeki hivyo. Nani amewahi kumaliza riwaya ya kurasa 200 kwa kwenda maktaba kila siku, kuacha begi mlangoni, kukitafuta kitabu kilekile rafuni na kuombea mtu mwingine asiwe amekichukua? Riwaya inataka kulala nawe. Unaisoma kurasa tatu usiku, unaikasirikia, unaiacha siku mbili, unairudia Jumapili baada ya ibada. Unamsomea dada yako kipande. Mashairi ndiyo zaidi, maana hayo hurudiwa.

Kwa hiyo kanuni za kuazima ndizo kanuni za fasihi. Maktaba ikibaki na chumba bila kuazimisha, itafaulisha watu mitihani, na hilo si dogo, lakini haitazalisha wasomaji. Tukilalamika kwamba Watanzania hawasomi hadithi baada ya kumaliza shule, tuangalie pia kama kuna siku yoyote maisha yao yaliwaruhusu kwenda nyumbani na kitabu ambacho si cha mtihani.

Kwa watu wa mlimani jambo hili ni la jiografia kabisa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.8 mkoani Kilimanjaro. Manispaa ya Moshi ina watu kama 220,000. Yaani kati ya kila watu wanane, saba hivi wanaishi nje ya manispaa. Marangu ni takriban kilomita 40 kutoka mjini. Rombo ni mbali zaidi. Kushuka na kupanda ni nauli mara mbili na siku nzima ya kazi. Mtu huyo hawezi kuwa mteja wa kiti. Anaweza kuwa mteja wa kitabu tu, na mteja mzuri sana, kama masharti yatamtambua.

Mara nyingi hayamtambui. Sharti la mdhamini, lililozoeleka katika maktaba nyingi za Afrika Mashariki, lilibuniwa likimfikiria mtu mwenye mwajiri, mwenye mhuri wa ofisi. Kijana wa Mwika anayelima parachichi na kukodi bodaboda jioni hana mhuri. Ila ana watu wanaomjua kuliko ofisi yoyote itakavyomjua: mwenyekiti wa kitongoji, mzee wa kanisa, imamu, mweka hazina wa kikoba. Kikundi cha kuweka na kukopa kinamwamini na laki mbili, halafu rafu ya vitabu ishindwe kumwamini na riwaya moja?

Muda nao. Wiki mbili ni muda wa mtu anayepita mbele ya maktaba kila siku akienda kazini. Mlimani kuna kalenda nyingine, ya siku za soko. Kitabu kingeweza kurudi siku ya soko, kwenye sanduku lililowekwa shuleni au ofisi ya kata, kama ambavyo maziwa na parachichi hukusanywa. Hilo si wazo jipya. Ni lile sanduku la mwaka 1948, safari hii likiwa na vitabu vilivyochaguliwa na wasomaji wenyewe.

Na faini. Faini ya kuchelewa hukusanya pesa kidogo na hufukuza watu wengi. Anayechelewa kidogo hulipa. Anayechelewa sana huona aibu, na hukaa na kitabu daima. Chicago walilitambua hilo, na Oktoba 2019 maktaba za umma za jiji lile zikafuta faini za kuchelewa. Wiki zilizofuata vitabu vilivyokuwa vimepotea vikaanza kumiminika. Wachagga hawakuhitaji kusubiri Chicago. Mlimani mtu aliyekosa hutuma jani la isale kuomba radhi, na aliyeletewa sale hapaswi kukataa. Desturi ile inajua kwamba mkosaji akifungiwa njia ya kurudi, mwenye mali ndiye anayepoteza. Maktaba yenye siku moja kwa mwaka ya kupokea vitabu vyote vilivyochelewa, bila swali wala risiti, ingekuwa inafuata sheria ya mlima.

Kuna atakayesema haya yote yamepitwa na wakati, kwamba sasa vitabu viko kwenye simu. Ni kweli watu wanatumiana mafaili ya vitabu kwenye WhatsApp, na wengine wanasoma hivyo. Lakini faili halirudi. Anayelituma anabaki nalo, anayelipokea hadaiwi, na mwandishi hapati kitu. Huko si kuazima wala kukopa. Kuazima kunamlazimu msomaji amfikirie msomaji anayemfuata: asikunje ukurasa, asichelewe, kuna mtu anasubiri. Hilo ni somo la uraia ambalo sijaona programu ya simu ikilifundisha.

Kwa hiyo ukipita maktaba yoyote ya mkoa, achana kwanza na tangazo la ukimya. Uliza kaunta wanaazimisha vitabu vingapi kwa mara moja, kwa siku ngapi, na mdhamini anatakiwa awe nani. Kisha jaza fomu, uondoke na riwaya moja ya Kiswahili, uirudishe kabla ya tarehe. Rafu ambayo haijaguswa mwaka mzima ni rahisi kuitoa ili kuongeza meza nyingine, na kila muhuri mpya unaogongwa kwenye karatasi ile unampa mkutubi hoja ya kuiacha pale ilipo.